Siku Jeneza Lilipoletwa Kliniki ya Wazazi

Aibu za watu wengi husemwa midomoni zikapita. Yangu ilibebwa mabegani, ikafunikwa shuka ya kijani, ikaletwa mpaka mbele ya kliniki ya wazazi ya Temeke huku wanaume wakiitikia dua, na mwanamke aliyeletewa jeneza hilo alikuwa ndani, mzima, anapumua, ananiuliza kama chai ipo. Kwa miaka mingi sikupenda jambo hili litajwe nyumbani kwangu. Naliandika sasa kwa ajili ya mjukuu wangu wa kike, aliye chuo kikuu mwaka wa pili, ambaye kila jioni hufua na kupiga pasi mashuka katika nyumba moja ya wageni huko Sinza, na ambaye amenisihi sana nisiwaambie wenzake. Sitawaambia. Lakini nataka ajue kwamba bibi yake naye alikuwa na kazi ya pembeni wakati wa masomo, kwamba aliificha kama yeye anavyoificha, na kwamba ilifichuka mbele ya mtaa mzima.

Mume wangu, aliyekuwa karani wa forodha (na mwenye mwandiko mzuri kupita makarani wenzake, hilo nitalisema mpaka nife), alifariki Jumamosi tarehe 14 Agosti 1948, baada ya sala ya adhuhuri. Aliniachia mtoto mmoja, Salehe, na nyumba ya makuti hapo Temeke niliyoishi pamoja na mama yangu mzazi, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuzimika. Nilitoka eda mwezi wa Desemba. Wakati huo nilijua kusoma Kurani, lakini jina langu kwa herufi za Kizungu sikuweza kuliandika, na nilikuwa na umri ambao wanawake wengine huanza kuozesha watoto wao. Januari ya 1949 nikajiandikisha darasa la jioni la watu wazima, nikakaa benchi moja na wapagazi wa bandarini waliokuwa wakisinzia, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kiburi na sikutaka kushindwa na mpagazi anayesinzia, nikasoma mpaka Februari 1952 nikapokelewa katika mafunzo ya ukunga ya miaka miwili.

Chuo kilitupa chakula cha mchana na sare, basi. Cha kuwalisha mama na Salehe jioni kilitoka kwa shangazi yangu, ambaye alikuwa mwosha, yaani yule mwanamke anayeitwa kuwaosha na kuwavisha sanda wanawake wenzake waliofariki. Shangazi alianza kunichukua mara tu nilipotoka eda, na miguu yake ilipomzuia kutembea nikabaki mwenyewe. Haikuwa kazi ya mshahara. Watu walitoa walichojaliwa, leo kanga, kesho mchele na sabuni iliyobaki, na mtu hapangi bei mbele ya msiba. Mengi niliyoyajua kuhusu mwili wa binadamu niliyajua huko kabla sijafungua kitabu cha ukunga: namna ya kuweka mkono nyuma ya shingo na mwingine chini ya bega, namna ya kumgeuza mtu bila kumfunua, namna ya kunyamaza chumbani.

Chuoni sikusema neno. Wenzangu wengi walikuwa mabinti wa shule za misheni, watoto kwangu kwa umri, wakiniita Mama Salehe na kunipa shikamoo zote, na nilijua kwamba wangeambiwa mikono yangu imetoka wapi alfajiri wasingekaa nami meza moja. Rafiki yangu wa karibu, Esta, binti wa Njombe aliyekuwa wa kwanza katika kila mtihani, alipata kuniuliza kwa nini wakati mwingine nafika nimechoka. Nikamjibu kwamba nina shughuli za mtaani. Akadhani ninakaanga maandazi, nami nikaliacha hivyo.

Mafunzo yalikuwa yanafika mwisho, umebaki mtihani wa vitendo. Wahitimu tulikuwa wengi kuliko kazi, na nafasi iliyokuwa Temeke ilikuwa moja tu, ya mkunga wa kuzunguka majumbani na kuwaleta wajawazito kliniki. Wengine wangesubiri waitwe, au wapelekwe Mahenge, Kilwa, popote patakapopatikana. Mimi nisingeweza kumbeba mama yangu kipofu mpaka Mahenge, wala nisingeweza kumwacha. Kwangu ilikuwa ni Temeke au kuurudisha ukunga wote kabatini pamoja na sare yake. Aliyekuwa na neno la mwisho ni Sista, Mwingereza mrefu mwenye Kiswahili cha bara na uso usiocheka, na ndiye aliyekuwa msimamizi wa mtihani.

Zamu yangu iliangukia Jumatatu, tarehe mosi Machi 1954, palepale kliniki ya Temeke, na wenzangu wangekuwapo chumba cha pili wakingoja zao. Na alfajiri ya siku hiyohiyo, kabla sijavua ushungi wa sala, mlango ukabishwa. Alikuwa kijana wa jirani zetu wa upande wa Mtoni, dada yake Mwanahawa amefariki usiku. Alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu Ijumaa, wamemweka nyumbani, na wote wawili wamekwenda, yeye na mtoto. Nilimjua Mwanahawa tangu anasukwa. Asingeoshwa na mtu mwingine nami nipo.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mmoja, mdogo, ambao kwa akili ya asubuhi ile ulikuwa wa busara. Kutoka Mtoni kurudi kwangu kubadili nguo, kisha kwenda kliniki, ningechelewa. Kwa hiyo nikaikunja sare yangu nyeupe, niliyokuwa nimeitia wanga na kuipiga pasi jana yake, nikaiweka katika kikapu changu cha kazi. Kikapu kilekile. Chenye pamba, vipande vya bafta ya sanda, chupa ya marashi na karafuu maiti, ile kafuri nyeupe wanayopakwa marehemu na ambayo kwetu pwani haina matumizi mengine. Nikaifunika kwa kanga, nikatoka.

Nilimwosha Mwanahawa kwa utaratibu, na mwanawe nikamlaza ubavuni kwake. Juu ya hilo sina la kuandika zaidi. Nilipomaliza nilinawa kwa sabuni mpaka viwikoni, nikaenda kliniki, nikavaa sare yangu katika chumba cha nyuma, nikajitazama katika kioo cha dirisha nikajiona nimependeza (nilijiona hivyo, na si mara moja). Harufu sikuisikia. Mtu aliyeshinda na kafuri tangu alfajiri pua yake haimwambii tena kitu, na sare yenye wanga, kumbe, hunywa harufu kama utambi wa taa unavyokunywa mafuta.

Sista aliisikia. Alinusa hewa akauliza ni nani ameweka dawa ya nondo kabatini, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwao ni harufu ya nguo zilizotunzwa vizuri. Akaniita kitandani.

Mgonjwa wa mtihani wangu alikuwa Zena, mke wa Selemani fundi baiskeli, mimba yake ya kwanza, uchungu umekwisha kumkolea. Mkwewe, Bi Tatu, ndiye aliyemleta, na kwa amri ya Sista alikuwa amewekwa nje barazani. Zena alikuwa amefumba macho. Nikainama kumpapasa tumbo, akavuta pumzi ndefu kama nilivyomwelekeza, akaishikilia, akafumbua jicho moja. Yeye alinijua vizuri. Mimi ndiye niliyemwosha mama yake mzazi mwaka uliotangulia.

"Mama Salehe," akasema polepole, "nani kakwita?"

"Nina mtihani, mwanangu."

"Mie bado nipo."

"Naona kama upo. Vuta pumzi."

Akavuta, akaisikia kafuri tena, akaanza kutoa shahada. Sista akauliza mgonjwa anasema nini. Nikamjibu kwamba anasali, jambo ambalo lilikuwa kweli, na Sista akaandika kitu katika karatasi yake.

Yote hayo yangeishia ndani ya chumba kile lau Bi Tatu angekuwa mtu wa kukaa alipowekwa. Kumbe alikuwa ameinuka kuchungulia dirishani, naye kwanza alipigwa na harufu, kisha akauona mgongo wangu, mimi niliyevaa nyeupe, nimemwinamia mkaza mwanawe, kikapu changu kipo sakafuni kando ya kitanda. Sista, kwa kuona mtu dirishani, akaenda akalifunga, kisha akafunga na mlango. Sasa ili mambo yaeleweke, lazima niseme desturi ya kwetu: mwosha akishaingia chumbani na mlango ukafungwa, hakuna anayebisha, hakuna anayeuliza. Kuuliza ni utovu wa adabu. Watu huanza kulia, basi, na wanaume huanza kutafuta majembe.

Bi Tatu akaanza kulia.

Nilikisikia kilio kile nikakijua ni cha msiba, kwa maana nimevisikia vingi, na kwa muda nikadhani ni cha Mwanahawa kinatokea Mtoni. Kisha nikalisikia jina. Zena naye akalisikia. Na hapo, mbele ya Sista na karatasi yake, nikawa katika hali ambayo hakuna mwalimu aliyepata kutufundisha: kichwa cha mtoto kimekwisha kuonekana, siwezi kutoka nje kusema neno, na mama wa mtoto amelala anasikiliza matanga yake mwenyewe.

"Wananililia mie?" akaniuliza.

"Wanakulilia wewe. Sukuma, uwatie haya."

Akacheka, wallahi, alicheka katikati ya uchungu, na kicheko kile kilisaidia kuliko maelekezo yangu yote. Lakini mtoto alikuwa amekaa vibaya kidogo begani, na Zena alikuwa amechoka. Nikamshika shingoni na chini ya bega, nikamgeuza kwa ubavu kama nilivyozoea, bila kumfunua na bila kumharakisha, na baada ya hapo kazi ikawa ya kawaida. Alizaliwa mtoto wa kiume, akapiga kelele kuwashinda waliaji wa nje, na Zena akaniuliza kama chai ipo.

Huko nje, habari ilikuwa imekwenda kwa baiskeli. Selemani aliambiwa akiwa na gurudumu mkononi, akaja nalo. Jeneza la msikiti lilikuwa limekwisha kutolewa kwa ajili ya Mwanahawa, na kwa kuwa Mwanahawa alikuwa azikwe baada ya adhuhuri, wazee wakaamua lianze kumpeleka huyu wa kliniki nyumbani kwake kisha lirudi. Makaburini, waliokuwa wakichimba kaburi la kwanza walipelekewa ujumbe waanze la pili. (Walianza. Lilipokuja kuwa halina mwenyewe, mzee mmoja alishauri lisiachwe wazi, wakazika gogo la mgomba, na gogo hilo kwa miaka mingi watoto wa Temeke waliliita kwa jina langu.)

Sista alipofungua mlango kutaka kujua kelele ni za nini, alikutana uso kwa uso na jeneza. Nikaona niwahi kuondoa wasiwasi, nikatoka na mtoto mikononi, nikiamini kwamba wakimwona mtoto mzima wataelewa. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Walimwona mtoto mchanga mikononi mwa mwosha, wakaelewa kwa namna yao: mtoto kapona, mama ndiye aliyekwenda. Kilio kikapanda. Selemani akakaa chini mchangani akalikumbatia gurudumu. Nikasema Zena yuko hai. Mzee mmoja akanishika bega kwa huruma akaniambia sote tutakwenda. Nikarudia kwamba yuko hai kwa maana ya kuwa hai. Hakuna aliyenisadiki, kwa kuwa tangu nianze kuitwa katika nyumba zao sikuwa nimewaletea habari ya namna hiyo hata mara moja.

Aliyewanyamazisha ni Zena. Esta na wenzangu walikuwa wamelifungua dirisha na kumwegemeza, naye akawatazama mmoja mmoja, akafika kwa mumewe.

"Selemani, hilo jeneza umelikodi au umelinunua?"

Walicheka wale waliokuwa nyuma. Waliokuwa mbele, waliotokwa machozi ya kweli, walihitaji mtu wa kumlipiza, na Bi Tatu hakupata taabu ya kumtafuta. Alinijia karibu, mbele ya Sista, mbele ya chuo kizima.

"Asubuhi umemwosha Mwanahawa," akasema, "na nguo zinanuka mpaka barabarani. Halafu unakuja kumshika mkwe wangu. Wewe ni mwosha au ni mkunga? Chagua moja watu tujue tukikuona tufunge mlango au tufungue."

Mimi, mjane wa karani wa forodha, nilisimama na mtoto wa watu mikononi, nikimfunika vizuri. Akina mama wawili waliokuwa wanasubiri zamu walikusanya kanga zao wakaondoka. Wanaume wakalinyanyua jeneza tupu, jambo ambalo ni gumu kulifanya kwa heshima, wakaelekea Mtoni. Nyuma yangu nilisikia wenzangu wananong'onezana, na mchana, wakati wa kula, nafasi kandoni mwangu ilibaki wazi. Esta alikuja hatimaye akasimama na sahani yake.

"Mama Salehe, mikono hii ndiyo uliyonikatia mkate juzi?"

"Ndiyo hiyo."

"Mkate ulikuwa mtamu," akasema akikaa. "Lakini leo nitakata mwenyewe."

Alasiri Sista aliniita ofisini. Nilikwenda nimekwisha kuipa buriani Temeke, ninafikiri maneno ya kumwambia mama. Alitaka kujua nimefanya kazi ile tangu lini, nikamwambia tangu Januari 1949. Alitaka kujua kwa nini sikuitaja katika maombi yangu, mahali palipoulizwa kazi nyingine niliyowahi kuifanya. Nikamwambia kweli kwamba nililiacha pengo kwa sababu niliona haya. Akaliandika hilo. Kisha akauliza ile namna ya kumgeuza mzazi nilijifunza wapi, maana yeye hakuifundisha.

"Kwa marehemu, Sista. Wao hawasemi wakiumizwa, kwa hiyo mtu hujifunza mwenyewe kuwa mwangalifu."

Akazunguka mezani akafungua dirisha (nilikuwa bado nimevaa sare ileile). Akasema kwamba tatizo la Temeke si kliniki, bali ni milango. Wakunga aliowatuma kabla hawakufunguliwa, watu wanazaa ndani na wanafia ndani. Akaniuliza mimi nimeingia katika nyumba zipi.

"Ni rahisi kuniuliza zipi sijaingia," nikasema. "Zote zinanifungulia. Ila huwa naitwa nikiwa nimekwisha kuchelewa. Leo alfajiri nimechelewa kwa wawili."

Sikukusudia kulia mbele yake, na sitasema kama nililia au la.

Aprili ya 1954 nilipewa nafasi ya Temeke. Sharti lake lilikuwa moja, nililikubali kabla hajamaliza kulitamka: tangu siku hiyo nisioshe tena. Shangazi alipata mwanamke mwingine wa kumrithi, na kikapu nikampa huyo, kwa sababu nisingethubutu kuweka hata vitunguu ndani yake. Nimwambie mjukuu wangu jambo ambalo ofisini kwa Sista nililielewa nusu tu. Cheti changu kilikuwa sawa na vyeti vya wenzangu, na cha Esta kilikuwa kizuri kuliko changu. Lakini mimi nilipomaliza masomo nilikuwa nimekwisha kujulikana na watu na mikono yangu imekwisha kuzoea kazi, na hayo hayakutoka darasani. Esta alisubiri mwaka mzima kwao Njombe, mpaka alipoanza kwenda Jumamosi kuwapima uzito watoto wa misheni bila malipo, wakamzoea, wakamwajiri. Kwa hiyo, mwanangu, hayo mashuka ya Sinza yaandike. Mahali wanapouliza kazi nyingine uliyoifanya, usiache pengo. Mimi nilichokosea si kazi, ni kuificha kwa bidii mpaka nikaileta mwenyewe ndani ya kikapu. Na nguo za kazi moja usizichanganye na za nyingine. Hilo nililiapa siku ileile, nikalitimiza.

Wiki ya kwanza ya kuzunguka, nyumba ya kwanza kubisha ilikuwa Mtoni, kwa mwanamke aliyekuwa na mimba ya miezi saba. Mlango ulifunguliwa nusu na bibi yake, mwanamke mzee kuliko mama yangu, ambaye alinitazama kuanzia ushungi mpaka viatu. Nikampa shikamoo. Hakuitikia.

"Hapa hajafa mtu," akasema.

Nikamwambia najua, na kwamba ndiyo sababu nimekuja. Akafikiri.

"Lete mikono."

Nilikuwa mjane wa karani wa forodha, mwenye cheti cha serikali ndani ya mkoba, na majirani walikuwa wamesimama milangoni wakitazama. Nikainyoosha mikono yote miwili. Mzee akaishika, akainusa kiganja kwa kiganja, akaigeuza akanusa na kucha, bila haraka, kama anayechagua samaki.

"Sabuni," akawaambia waliokuwa ndani, akasogea kunipisha.